Pumzi inakata nikipanda mlima: ni unene au ni pumu?

Swali: Shikamoo daktari. Mimi ni mama wa miaka 42, nauza vitenge sokoni Mwanjelwa, Mbeya. Urefu wangu ni sentimita 160 na nina kilo 96. Tangu mwaka jana nikipanda mlima kidogo tu pumzi inakata, na usiku silali bila mito miwili. Nimepimwa kwa kupuliza kwenye mashine, nikaambiwa sina pumu ila mapafu "yamepungua kidogo". Mdogo wangu yuko Makete, ana kilo 90 na urefu wa sentimita 158, naye alikutwa na pumu. Anatumia pampu, na kifua kikimzidi ananunua vidonge duka la dawa, lakini bado anabanwa. Unene unafanya nini kwenye mapafu ya mtu asiye na pumu kama mimi, na mwenye pumu kama yeye? Naweza kutumia pampu yake? Nimekutumia karatasi zetu za vipimo.

Jibu: Marahaba, dada. Nianze na hilo la mwisho: hapana, pampu ya mdogo wako usiitumie. Dawa iliyomo, salbutamol, hulegeza misuli iliyobana mirija ya hewa, na karatasi yako inaonyesha mirija yako haijabanwa. Utakachopata ni mikono kutetemeka na moyo kwenda mbio, utadhani hali imezidi, utavuta tena.

Sasa tuzisome karatasi, kwa sababu zina mengi kuliko ulivyoambiwa. Mashine ile, spirometa, inatoa namba mbili za kuangalia kwanza. FVC ni hewa yote uliyoweza kuitoa baada ya kujaza kifua. FEV1 ni sehemu ya hewa hiyo iliyotoka ndani ya sekunde ya kwanza. Yako ni FVC lita 2.35 na FEV1 lita 1.95. Ukigawanya ya pili kwa ya kwanza unapata 0.83, maana yake asilimia 83 ya hewa ilitoka papo hapo. Njia iko wazi, ila hewa yenyewe ni kidogo. Mdogo wako ana FVC lita 2.30, karibu sawa na wewe, lakini FEV1 yake ni lita 1.50 na uwiano ni 0.65. Hapo njia imebanwa. Alipovuta mipulizo minne ya salbutamol na kusubiri dakika 15, FEV1 ikapanda hadi lita 1.80. Ongezeko ni mililita 300, sawa na asilimia 20. Tunachodai ni angalau mililita 200 na asilimia 12 kwa pamoja. Kwake pumu imethibitika.

Kwa hiyo nyote wawili mnahema, mna unene unaokaribiana (BMI, yaani kilo zikigawanywa kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe, yako ni 37.5, yake 36), lakini mapafu yenu yana shida mbili tofauti. Watu wengi wanene wanaohema hupewa jina la pumu bila kupuliza mashine hata mara moja, na wengine wenye pumu huambiwa "punguza mwili" wakarudi nyumbani bila dawa. Makosa yote mawili yana madhara, na yote mawili yanazuilika kwa kipimo cha nusu saa.

Wewe usiye na pumu, unene unakuathiri hivi. Mafuta ya tumboni yanakisukuma juu kiwambo, ule msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo, na mafuta ya kifuani yanaongeza uzito wa mbavu. Mapafu hayaharibiki, yanakosa nafasi. Kinachopungua zaidi ni hewa inayobaki mapafuni ukimaliza kutoa pumzi ya kawaida. Hiyo ni akiba muhimu: ndiyo inayoziacha njia ndogo za chini ya mapafu zikiwa wazi. Utafiti mmoja wa Kanada wa mwaka 2006 ulionyesha kwamba mtu akifika BMI 30, hewa hiyo inayobaki imeshashuka hadi kama robo tatu ya aliyonayo mtu wa BMI 20, na ile sehemu yake ambayo unaweza kuitoa ukijikamua imeshuka chini ya nusu. Ujazo wa mapafu yakiwa yamejaa kabisa haukuguswa sana. Ndiyo maana karatasi ya spirometri ya mtu mnene inaweza kuonekana karibu ya kawaida wakati yeye mwenyewe anateseka: mashine hiyo haipimi hewa inayobaki.

Mapafu yakipumua karibu na utupu namna hiyo, kila pumzi inakuwa ngumu, kama puto ambalo mpulizo wa kwanza ndio unaoumiza mashavu. Misuli ya kifua inakula oksijeni nyingi hata ukiwa umekaa. Njia ndogo za chini zinajifunga, damu inapita pale bila kuchukua oksijeni ya kutosha. Ukilala chali tumbo linasogea juu zaidi, hivyo hali inazidi. Mito miwili inaweza kuwa ni kwa sababu hiyo. Lakini dada, mito miwili inaweza pia kuwa ni moyo. Bonyeza mguu mbele ya mfupa wa ugoko kwa sekunde 10. Kama shimo linabaki, au unaamka usiku unatafuta hewa dirishani, uende ukapimwe moyo na presha kabla ya kufanya lolote katika haya ninayoandika chini.

Pahali mafuta yalipo ni muhimu kuliko kilo zenyewe. Mwenye nyonga na mapaja mazito anaweza kupumua vizuri kuliko mwenye kitambi wa kilo zile zile. Pima kiuno kwa futi ya fundi cherehani, katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, ukiwa umesimama na umetoa pumzi. Kwa mwanamke sentimita 88 na zaidi huhesabiwa kuwa kitambi kilichozidi, kwa mwanamume 102. Andika namba hiyo. Itakusaidia kuliko mizani, kwa sababu mara nyingi kiuno hupungua na pumzi ikarudi huku mizani ikisita.

Na mnaishi juu. Mbeya mjini ni kama mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na Makete imepita 2,000. Kwa urefu wa Mbeya, msukumo wa oksijeni katika hewa unayovuta ni pungufu kwa karibu moja ya tano ukilinganisha na Dar es Salaam. Mtu mwembamba halioni hilo. Mtu ambaye njia zake za chini zinajifunga analiona, hasa akirudi kutoka pwani. Ndiyo sababu kile kipimo cha oksijeni cha kubana kidoleni kikisoma asilimia 94 au 95 kwa mtu wa Mbeya tusimtishe, japo Dar tungeuliza. Kikisoma chini ya 90 mtu akiwa ametulia, vidole vikiwa na joto na bila rangi ya kucha wala hina, aende hospitali siku hiyo hiyo.

Kuhusu hilo neno "yamepungua kidogo", uliza jambo moja ukirudi: mashine ilipangiwa vipimo vya watu gani? Mashine inalinganisha pumzi yako na ya watu wa umri, jinsia na urefu wako. Zikiwekwa namba za Wazungu, Mwafrika mwenye afya anaweza kuonekana ana upungufu wa asilimia 10 hadi 15 ambao haupo. Upungufu wako unaweza kuwa unene kidogo na mpangilio wa mashine kidogo. Si jambo la kukunyima usingizi.

Upulizaji wenyewe ndio unaoharibu majibu mengi, hasa kwa wanene. Mtu anakaa kajikunja, mkanda au kanga imefungwa kwa nguvu tumboni, amekula ugali saa moja iliyopita, anapuliza sekunde tatu anaacha. FVC inatoka ndogo kuliko ilivyo, na kwa kuwa uwiano unagawanywa kwa FVC hiyo, unatoka mkubwa kuliko ukweli. Pumu inafichika kwa namna hiyo. Kwa hiyo: usile mlo mkubwa saa mbili kabla, usivute salbutamol kwa saa 4 hadi 6 (ukibanwa kweli, vuta, tutapima siku nyingine), legeza nguo, kaa wima miguu ikigusa sakafu, bana pua, jaza kifua mpaka basi, funga midomo kwenye mrija, kisha lipua kwa nguvu na uendelee kutoa hewa mpaka iishe, sekunde 6 au zaidi. Tunataka mipulizo mitatu safi, na miwili iliyo bora isipishane zaidi ya mililita 150. Baridi ya asubuhi ya Makete au Njombe nayo inachezea mashine: mpimaji anapaswa kuiwekea joto la chumba na kuihakiki kwa bomba la lita 3 kabla ya mgonjwa wa kwanza.

Na pumu huja na kuondoka. Kipimo kizuri siku ambayo huna shida hakiifuti. Kama wewe pia una kifua kinachopiga filimbi, kikohozi cha usiku wa manane, au kubanwa unapovuta moshi na vumbi la sokoni, omba kipimo kidogo cha mkononi cha nguvu ya kupuliza. Puliza asubuhi na jioni kwa wiki mbili, mara tatu kila safari, uandike kubwa. Mfano: asubuhi 280, jioni 340. Tofauti ni 60, wastani wa siku 310, kwa hiyo mabadiliko ni kama asilimia 19. Wastani wa wiki mbili ukizidi asilimia 10 kwa mtu mzima, pumu inaingia kwenye orodha.

Tuje kwa mdogo wako, kwa sababu yeye ndiye ananitia wasiwasi zaidi. Kwake unene unafanya yote niliyokueleza na kuongeza mengine. Mirija ambayo tayari imevimba inapumua mahali finyu, inakuwa myembamba zaidi. Misuli inayoizunguka hunyooshwa na kila pumzi ndefu tunayovuta bila kujua mara kadhaa kwa saa. Kwa mnene pumzi hiyo inakuwa fupi, misuli inabaki imekaza. Mafuta yenyewe yanatoa kemikali zinazochochea uvimbe mwilini, leptini mojawapo. Kiungulia kinapandisha asidi ya tumbo usiku na kuwasha koo. Matokeo yake anabanwa mara nyingi kuliko mwenye pumu mwembamba, na dawa ya kuvuta ya kutuliza uvimbe inamsaidia pungufu.

Hapo kuna jambo la kumuuliza: pumu ilianza lini? Iliyoanza utotoni, pamoja na mafua ya mzio na ngozi kuwasha, ni pumu ya mzio ambayo unene umeipanda juu. Dawa ya kuvuta bado inaifaa vizuri. Iliyoanza baada ya miaka 30 au 40, kwa mwanamke, mwili ukiwa umeshaongezeka, bila mzio wowote, mara nyingi ndiyo ile inayofuata uzito. Hiyo ndiyo inayoitikia zaidi mtu akipungua kilo, wakati mwingine kwa kiasi ambacho dawa haikufikia.

Lakini kinachommaliza ni vile vidonge vya duka la dawa. Vidonge vidogo anavyouziwa kifua kikizidi mara nyingi ni prednisolone au dexamethasone. Vinafanya kazi haraka, ndiyo maana vinapendwa. Kwa shambulio kali, kozi ya siku 5 hadi 7 iliyoandikwa na daktari inaokoa maisha. Vikinunuliwa kila mwezi vinaongeza hamu ya kula, vinahamishia mafuta tumboni, usoni na shingoni, vinapandisha sukari na presha, vinadhoofisha mifupa na misuli, ikiwemo ya kupumulia. Kilo zinazoongezeka zinabana kifua, kifua kikibana anarudi dukani. Mduara huo ndio nimeuona kwa mbali kwenye barua yako. Kama amevimeza karibu kila siku kwa zaidi ya wiki tatu, asiviache ghafla; mwili umezoea, apunguziwe na daktari.

Vidonge vya salbutamol navyo aachane navyo: vinachelewa, vinatetemesha, na mpulizo unafanya kazi zaidi kwa dozi ndogo mno. Tangu mwaka 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu haushauri tena mtu mzima kutibiwa kwa salbutamol peke yake. Anahitaji dawa ya kutuliza uvimbe kila siku. Beclometasone ya mikrogramu 100 ndiyo inayopatikana kwa urahisi zaidi. Wengi huanza na mipulizo miwili asubuhi na miwili jioni, daktari wake ataamua. Kopo la mipulizo 200 kwa mwendo huo linakwisha siku ya 50. Aandike tarehe ya kuanza kwa kalamu kwenye kopo, kwa sababu likitikiswa linasikika bado lina kitu hata dawa ikiwa imeisha. Na kopo la salbutamol ahesabu vilevile: akimaliza makopo matatu kwa mwaka pumu haijadhibitiwa, akimaliza moja kila mwezi yuko hatarini.

Wengi wanaosema pampu haifanyi kazi wanainyunyizia ulimini. Amtafute mtu amtengenezee chupa. Chukua chupa safi ya maji ya nusu lita. Chora umbo la mdomo wa pampu kwenye kitako chake, pasha moto kisu au waya, toboa tundu linaloshika mdomo huo bila nafasi, zungushia plasta kama hewa inapita. Ioshe kwa maji ya sabuni ya vyombo na iache ikauke yenyewe. Ukiifuta kwa kitambaa, dawa inanasa ukutani mwa chupa badala ya kwenda kifuani. Tikisa pampu, chomeka, toa pumzi, weka mdomo kwenye mdomo wa chupa, bonyeza mara moja tu, pumua taratibu mara tano ndani ya chupa. Subiri nusu dakika, rudia. Mipulizo miwili kwa mkupuo haifai, matone yanagongana na kubaki chupani. Baada ya beclometasone asukutue na kutema, asipate utando mweupe kinywani.

Mwambie pia amtajie daktari dawa zake za presha. Propranolol na atenolol zinaweza kubana mirija ya mwenye pumu. Captopril na enalapril huleta kikohozi kikavu kinachofanana na pumu kwa yeyote, hata wewe.

Akishindwa kumaliza sentensi moja, midomo ikibadilika rangi, au akipumua zaidi ya mara 30 kwa dakika: mipulizo 4 hadi 10 ya salbutamol kupitia chupa, mmoja mmoja, kila dakika 20, huku akipelekwa hospitali. Si kusubiri kwanza aone kama imemsaidia ndipo atafute gari, barabara za Makete mnazijua.

Kuna mambo matatu mengine yanayowahusu nyote. Kikohozi cha wiki mbili au zaidi, homa za jioni au jasho la usiku: pimeni makohozi kwa TB, unene haumkingi mtu. Kukoroma sana, kusita kupumua usingizini, kusinzia mchana kwenye kiti, shingo inayozidi sentimita 40: hiyo ni dalili ya pumzi kukatika usingizini, na kwa wenye unene uliokithiri hewa ukaa inaweza kurundikana hata mchana. Mueleze daktari waziwazi, kwa sababu mgonjwa wa namna hiyo hata oksijeni anapewa kwa kipimo. Tatu ni jiko. Juni na Julai watu wa nyanda za juu mnaingiza jiko la mkaa ndani mfunge mlango. Moshi wa kuni unachoma mirija, na mkaa hata usipotoa moshi unatoa hewa yenye sumu inayoua usingizini. Kile kipimo cha kidoleni kitasoma vizuri tu wakati mtu anakufa, kwa kuwa hakiwezi kuitofautisha na oksijeni. Jiko libaki nje. Ndani tumieni blanketi.

Kuhusu kilo: huhitaji kuwa mwembamba ili upumue. Kwa wenye pumu, kupungua asilimia 5 hadi 10 kunatosha kuonekana kwenye dalili. Kwako ni kilo 5 hadi 10, kwake 4.5 hadi 9, kwa mwendo wa nusu kilo kwa wiki. Anza na vinywaji, ni rahisi kuliko sahani. Vikombe vinne vya chai kwa siku, vijiko vitatu vya sukari kila kimoja, ni karibu gramu 50 za sukari, zinazofikia nguvu ya takriban kalori 190. Soda moja ya mililita 350 inakaribia hapo peke yake. Kijiko kikubwa cha mafuta ya kupikia ni kalori kama 120, kwa hiyo mpime mafuta kwa kijiko, msimimine kutoka kwenye dumu. Parachichi la Rungwe au Njombe ni chakula kizuri, ila nusu yake inatosha, na siku hiyo mboga isiungwe kwa mafuta mengi. Ugali upungue theluthi, maharage na mboga za majani zichukue nafasi yake. Chipsi mayai ziwe za mara moja moja. Usilale mara tu baada ya kula ukashiba. Kukaa muda wa saa tatu bila kula kabla ya kupanda kitandani kunasaidia kiwambo na kiungulia kwa pamoja.

Mazoezi anza tambarare, si mlimani. Dakika 10 mara mbili kwa siku, kwa mwendo unaoweza kuzungumza lakini huwezi kuimba, ongeza dakika 5 kila wiki hadi ufike nusu saa. Ukipanda, toa pumzi kwa midomo iliyobanwa kama unayepooza chai, hatua mbili kuvuta na tatu au nne kutoa, na pumzika kabla pumzi haijakata, usisubiri ikate. Mdogo wako avute mipulizo miwili ya salbutamol dakika 10 hadi 15 kabla, ajifunge mtandio puani na mdomoni ili hewa ipate joto, na msimu wa baridi atoke saa nne asubuhi, si alfajiri.

Baada ya miezi mitatu rudini kupuliza, mashine ile ile ikiwezekana, saa zile zile. Uzito na kiuno vya siku hiyo viandikwe juu ya karatasi. Kwako nategemea FVC ipande kidogo na uwiano ubaki palepale. Ukishuka, tutafute pumu upya. Kwake nategemea uwiano upande. Usipopanda, huku dawa anavuta kila siku kwa chupa na vidonge ameacha, aje na karatasi zote mbili Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, kitengo cha magonjwa ya ndani, na kopo lake la pampu mkononi ili waone anavyovuta.